Harufu Iliyovuka Ukuta

Nakumbuka adhuhuri moja, mwanangu, hapa hapa Mtopanga, wewe hujazaliwa bado na dada yako Kadzo ndiyo kwanza anatambaa. Usinune. Najua una oda ya watu na vidole vyako vimejaa chokoleti, lakini weka hilo embe chini kidogo unisikilize, maana jana nilikuona ukifunga dirisha.

Wakati huo tulikuwa tumepanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita. Kuta zake hazikufika juu. Ziliishia chini ya mabati, kwa hivyo kikohozi cha mmoja kilikuwa cha wote. Chumba cha pili alikaa Bi Fatuma, mjane mtu mzima, peke yake. Tulikuwa na ada yetu. Nikipika kitu chenye harufu, yeye hubisha ukutani mara tatu, ngo ngo ngo, kisha husema, "Wallahi Mama Kadzo, pua yangu imeshafika kwako!" Nami humpelekea kionjo. Akipika yeye mahamri, mimi ndiye hubisha. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Siku hiyo mavyaa, mamake baba yako, alikuwa anakuja kutoka Kaloleni kunitazama kwa mara ya kwanza. Baba yako alikuwa akifanya kazi jikoni hotelini, akaniletea kipande cha chokoleti ya kupikia na kunifunza: chemsha maji, weka bakuli juu ya sufuria, chokoleti iyeyuke polepole, chovya vipande vya ndizi vilivyopanguswa vikakauka, uvipange kwenye sinia juu ya barafu. Nikasema leo mavyaa atanijua mimi ni nani! Chokoleti ilikuwa kidogo, ndizi chache, na mimi nilitaka sinia ijae.

Harufu ikapanda, ikavuka ukuta. Ngo ngo ngo.

Nikaingoja ile sauti yake ya utani. Haikuja. Akabisha tena mara tatu, taratibu. Unajua nilifanya nini? Nilichukua mfuniko nikalifunika bakuli harufu isitoke, nikamziba Kadzo mdomo, kisha nikasema kwa sauti tamu kabisa, "Hakuna kitu, Bi Fatuma, ni maziwa yameungua."

Nyumba nzima ikatulia, hata kuku wa uani. Nilipofunua bakuli, chokoleti iliyokuwa laini imegeuka madonge, imeng'ang'ania mwiko. Leo najua ni jasho la mfuniko lililodondoka; tone moja tu la maji huiharibu, ndiyo maana nakupigia kelele upanguse embe. Lakini siku ile niliona kama kuna mtu ameinama nyuma yangu, anatazama ndani ya bakuli pamoja nami. Na kule ukutani, chini kabisa karibu na sakafu, kitu kikaanza kukwaruza. Nikajiambia ni panya. Nikaendelea kupaka ndizi zangu yale madonge.

Mavyaa alifika alasiri. Hata hakuketi. Alisimama mlangoni ameinamisha kichwa, anausikiliza ukuta, akauliza, "Upande huo anakaa nani?"

"Ni panya tu, mama."

"Panya habishi mara tatu."

Akaenda mwenyewe, akausukuma mlango kwa bega. Bi Fatuma alikuwa chini, amelala ubavu kwenye ukuta wangu, upande mmoja wa mwili umepooza, vidole vya mkono ulio mzima vimechubuka. Nikapiga magoti. Hakunilaumu, heri angenitukana! Ulimi ulikuwa mzito, lakini nilimsikia vizuri. "Nilisikia harufu," akasema, "nikajua uko."

Tulimkimbiza hospitali. Daktari alisema lau angefikishwa mapema, huenda angepona. Siku ya tatu akafariki. Jioni tuliyorudi kutoka kumzika, mavyaa alitoa sinia ile niliyoisahau, akaiweka mbele yangu. "Ulizificha kwa ajili yangu," akaniambia. "Mimi sizitaki. Wewe uzile." Nikazila zote, mwanangu, nalia, naye ameketi ananitazama mpaka kipande cha mwisho.

Tangu hapo, kila nyumba niliyohamia, nikiyeyusha chokoleti bila kumtengea jirani kwanza, nasikia kukibishwa. Mara tatu, chini, karibu na sakafu. Nilikuwa nikidhani ni masikio yangu na dhambi yangu. Lakini jana, ulipofunga dirisha, wewe ndiye uliyegeuka ukaniuliza, "Mama, nani anabisha?" Nikakwambia ni bomba la maji. Nilikudanganya. Ukuta ule hauna bomba, na nyuma yake ni kiwanja kitupu. Na mimi, mwanangu, naogopa, maana sikutaka urithi hili.

Basi nisikilize. Hapo mlango wa pili yuko Mama Brayo, msichana wa bara, mumewe yuko bandarini kutwa, ana kichanga cha wiki mbili na hana ndugu hapa Mombasa. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, na wewe ndiye jirani. Harufu ya jiko lako humwambia kwamba uko, usiifungie. Kipande cha kwanza si cha mteja. Mpelekee yeye, umtazame usoni, uondoke ukijua yu mzima. Usiseme hakuna kitu ilhali kipo, kwa sababu hujui anayebisha anataka nini.

Mungu akupe mikono mikavu na roho nyepesi, akujaalie majirani wa kukusikia siku utakayoanguka. Haya, fungua dirisha. Na ukisikia tena ukuta unabishwa, usiulize ni nani. Itika abee, uende.