Kaseti Iliyobaki Ndani ya Redio

Mbuzi wawili, baiskeli moja yenye dinamo na kengele, na magunia matatu ya mchele wa Kailo. Hiyo ndiyo bei ya siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, na nimeihesabu mara mbili. Chumba nilichokikosa sijakitia humo, maana chumba hakibebwi mgongoni kwenda sokoni.

Nilikuwa kijana wa Kindu, enzi zile nchi inaitwa Zaire, kila mtu ni sitwayeni, yaani raia, na mwanaume aliyevaa tai angeweza kuitwa ofisini kujieleza, maana tai ilikuwa marufuku. Shangazi yangu Mwamini, mjane wa mtu wa reli, alikuwa na chumba cha mbele kinachotazama barabara ya stesheni. Mumewe alimwachia pia televisheni, nyeusi na nyeupe, ambayo siku nyingi ilionyesha mvua tu. Chumba hicho tulikitaka watu wawili: mimi, na Shabani, mtoto wa baba yangu mkubwa. Kijana asiye na mlango wake barabarani alikuwa nani siku zile? Alikuwa mgongo wa kubebea mafuta ya mawese ya watu wengine kutoka bandarini. Na mgongo hauozeshwi binti wa mtu.

Ndipo akaja Kambale, mfanyabiashara wa Butembo, mtu wa kanisa, asiyeapa wala kupunguza bei. Alikuwa amenunua vitu vya fundi mmoja wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao, na kati ya vitu hivyo kulikuwa na mashine mbili za kuunganishwa na televisheni. Mimi na Shabani tukaliona hapo hapo duka la kuchezesha watu kwa malipo, ndani ya chumba kile, kwa televisheni ya shangazi. Ya kwanza ilikuwa mashine ya michezo. Unachomeka kikasha kidogo, unawasha, na vita vimeanza. Ya pili ilikuwa kompyuta, sisi tulisema ordinateri, yenye vibonye kama taipureta.

Kambale alitueleza tofauti zake kama mtu anayeeleza tofauti ya bata na kuku. Mashine ya michezo haina akili yake, alisema. Akili yote imo ndani ya kikasha. Moto wa umeme ukikatika, na hapa Kindu moto hukatika, ukirudi unaendelea kucheza. Kompyuta ina akili kidogo ya kuamkia: ukiiwasha inakusalimia, halafu inanyamaza kukusubiri. Mengine yote unailisha kwa kaseti, kaseti hizi hizi za muziki, kwa waya kutoka kwenye redio. Kuilisha kunachukua muda wa kusonga bukari, ugali wetu. Moto ukikatika imesahau kila kitu, hata jina la mama yake, na unaanza kusonga upya. Lakini ikishiba, inacheza, inahesabu, inaandika barua.

Shabani hakufikiri. Alishika fimbo ya ile mashine ya michezo, akaua ndege watatu wa angani, akacheka, akasema, “Njo hii, ndiyo yenyewe, kaka. Mimi nimeisha oa.”

Mimi nilifikiri, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Sokoni kwetu redio tuliipima kwa mkono kwanza, maana redio nyepesi ni redio ya uongo. Nikaibeba mashine ya Shabani: unyoya. Nikaibeba kompyuta pamoja na tofali lake la umeme: mzigo wa kweli. Kisha nikahesabu vibonye. Mashine ya Shabani ilikuwa na fimbo moja na kibonye kimoja. Yangu ilikuwa na vibonye arobaini na tisa. Nikarudia kuhesabu, vikawa arobaini na tisa tena. Nikagawa bei kwa vibonye, nikaona Shabani ananyonywa mchana kweupe na mimi napewa sadaka. Usicheke, mwanangu. Nimewaona watu wa siku hizi wakichagua simu kwa idadi ya macho yaliyoko mgongoni mwake.

Nikampa Kambale mbuzi, baiskeli na magunia niliyokutajia, naye akanipa na kaseti moja yenye michezo minane. Akanionyesha ukingo wa nyuma wa kaseti, penye vijino viwili vya plastiki.

“Sitwayeni Ramazani, vunja meno haya leo. Yakivunjika, hakuna redio itaweza kurekodi juu yake. Na utafute kaseti ingine, uinakili. Mwenye mtumbwi mmoja haendi harusini: ukizama, atarudi na nini?”

Nikamwitikia kwa heshima, nikaenda zangu, na meno sikuyavunja. Kwa nini? Kwa sababu kaseti isiyo na meno haiuziki kama mpya. Nilikuwa bado sijacheza mchezo hata mmoja, tayari nawaza nitakavyomuuzia mtu mwingine. Kaseti ya pili nayo niliiona ni gharama ya bure. Mimi, mtu wa kuhesabu kila kitu mara mbili, kitu chenyewe niliweka kimoja.

Shangazi Mwamini akatoa neno lake. Kila mmoja ajiandae, kisha siku atakayotaja tuonyeshe mbele ya watu wa nyumba, na atakayemridhisha achukue chumba mwaka mzima bila kodi. Shabani alileta mashine yake siku hiyo hiyo akamkalisha shangazi mbele ya televisheni. Shangazi alikufa mara sita angani, akamtukana adui, akaomba kufa tena. Alijua kikasha kinaingia wapi, kinapuliziwa vumbi namna gani, na kwamba hakiwekwi karibu na maji.

Mimi nilifanya siri. Mfanyabiashara haonyeshi mtaji, nilijiambia. Niliweka kompyuta ndani ya sanduku la bati, sanduku nikalitia kufuli, na chumba nilicholala nikakitia kufuli la pili. Niliijaribu mlango ukiwa umefungwa. Shangazi akiuliza ndani kuna nini, najibu, “Utaona siku yake.” Hata koko wetu, mama yake shangazi, bibi aliyenibeba mgongoni, aliyekuwa mgonjwa chumba cha pili, sikumwambia kitu. Wahenga wamesema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa naficha hata nguo.

Lakini kompyuta haili bila redio, na redio ilikuwa ya nyumba. Baada ya kujaribu mara ya mwisho nilifunga kompyuta, nikafunga sanduku, nikafunga mlango, nikatikisa makufuli yote mara mbili. Redio nikairudisha mezani kwa shangazi. Kaseti ilikuwa bado imo ndani.

Siku chache baadaye koko alifariki.

Unajua desturi yetu. Redio ya nyumba ya matanga haiimbi. Shangazi aliifunga kwa kitenge na kuipandisha juu ya kabati, na hakuna mkono ulioigusa mpaka arobaini. Nilikumbuka kaseti yangu, nikajiambia iko mahali salama kuliko benki. Nani atagusa kitu kilichofungwa kitenge cha msiba? Tukalia, tukapika, wageni wa Lubutu wakaja wakarudi. Siku moja baada ya arobaini shangazi akatuita: leo, baada ya sala ya alasiri, tumalize neno la chumba.

Watu walijaa. Wajomba, majirani, mafundi wa reli wawili waliokuwa marafiki wa marehemu mume wake. Shabani akaanza. Akachomeka, akawasha, na mzee mmoja wa reli aliyekuja kwa adabu tu akashika ile fimbo akakataa kuiachia. Moto ulikatika kidogo, ukarudi, na vita vikaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Watu wakapiga makofi.

Nikasimama mimi. Nikafungua kufuli la kwanza na la pili, nikatoa kompyuta kama mtu anayetoa bibi harusi. Shangazi mwenyewe alishusha redio, akaifungua kitenge chake, akanikabidhi. Nikachomeka waya, nikairudisha kaseti mwanzo, nikaandika amri, nikabonyeza.

Kioo kikakaa kimya.

“Ina shida gani?” akauliza mjomba mmoja.

“Inakula,” nikasema. “Muda wa kusonga bukari.”

Tukangoja. Shabani akainama sikioni kwangu, lakini kwa sauti ya watu wote: “Kaka, bukari hii ni ya matanga gani? Unga wake uko bado shambani?” Watu wakacheka. Jasho likanishuka mpaka kwenye soksi. Nikasimamisha, nikarudisha, nikaanza tena. Kimya. Mara ya tatu nikasema acha nisikie kama kaseti inalia ile sauti yake ya panzi wengi. Nikachomoa waya ili redio itoe sauti.

Na koko akasema, “Mwamini, kale kataa kekundu ka redio njo kanasikia?”

Mwanangu, mzee wa reli aliangusha fimbo. Mwanamke mmoja alipiga yowe akatoka mlangoni bila viatu. Mimi mkono wangu ulibaki hewani na waya. Tulikuwa tumemzika mbele ya macho yetu, na huyu hapa anakohoa mezani.

“Njo kanasikia, mama,” sauti ya shangazi ikajibu ndani ya redio. “Sema.”

“Basi niseme nini? Kufa sijakufa. Haya. Shabani, weye mwenye kucheka hata mahali pa kilio, Mungu akupe bibi mwenye kucheka, musizeeke haraka. Mwamini mwanangu, mikono yako isikauke.” Akakohoa, akapumzika. “Na Ramazani wa makufuli. Kila siku nasikia kacha-kacha, kacha-kacha. Mutoto, nani anakuiba humu ndani? Mimi, mwenye siwezi hata kufika ku choo? Mungu akufungulie, Ramazani. Mungu akufungulie.”

Kisha, mbali ndani ya redio, jogoo akawika.

Nilimtazama shangazi. Alikuwa analia na anatabasamu.

“Nilitaka niwasikilizishe leo, kisha ya neno la chumba,” alisema. “Wewe umenitangulia. Umejuaje?”

Sikujua, na nilipofungua mdomo nilisema neno ambalo bado linaniunguza. “Shangazi, umeua kaseti yangu.”

Chumba kizima kikageuka. Yeye akashangaa kuliko wote. “Kaseti gani? Ile mbovu? Niliikuta ndani ya redio. Nikaiweka, inalia kama panzi ndani ya debe. Nikasema masikini Ramazani, wamemuuzia kaseti iliyokufa. Mama alikuwa na nguvu siku ile, nikarekodi juu yake, nikaiacha izunguke mpaka utepe ukaisha. Meno yake yalikuwa mazima, mutoto. Kaseti yenye meno si ni ya kurekodia?”

Ndiyo, mwanangu, kaseti yenye meno ni ya kurekodia, hata mtoto wa Kindu alijua hivyo. Nikasema ilikuwa na michezo minane, ilikuwa riziki yangu, na hakuna ingine kama ile kutoka hapa mpaka Goma. Shangazi akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Hakupandisha sauti.

“Ramazani, kikasha cha Shabani ninakijua. Hata panya akikikaribia nitapiga kelele. Chako sikukijua. Kitu hukunieleza nitakuchungiaje? Ulifunga mashine kwa kufuli mbili, ukawaacha watu wa nyumba nje. Sisi njo tulikuwa kufuli ya tatu, na hiyo hukuifunga.”

Chumba akampa Shabani. Sikubisha. Siku ile, hata angenipa mimi, ningemchukia shangazi kwa kunihurumia. Shabani, na hili niliseme maana ni haki yake, alinifuata nje akaniuliza kama nataka tushirikiane. Nilimkatalia kwa kiburi, nikarudi bandarini kubeba mawese miaka miwili. Wapo walionishauri nikope kaseti nyingine, nimwombe Kambale ateremke tena na mali ya aina ile. Nilimwomba, lakini hakupata. Kompyuta ilinisalimia kila nilipoiwasha, ikanyamaza kunisubiri, na mimi sikuwa na cha kuilisha. Mwisho niliiuza kwa mwalimu mmoja, ambaye aliibeba kwanza kwa mkono ili apime uzito.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana hadithi isiyo na neno ni ngoma isiyo na ngozi.

Mnapobishana leo kompyuta ipi ni bora, mfumo upi una nguvu, mashine ipi ya michezo ina picha nzuri, bishaneni, ni afya. Lakini mchagua nazi hupata koroma. Kabla ya kuhesabu vibonye, uliza mashine hiyo inakuja kuishi wapi, moto ukikatika itasahau nini, na nani mwingine nyumbani atashika kitu chake. Mashine bora ni ile ambayo watu wa nyumba yako wanaijua kiasi cha kuilinda. Ukipewa kitu kisichorudi, kinakili siku hiyo hiyo, na vunja meno yake hata kama meno hayo yana thamani sokoni. Na usiwafiche watu wako kazi ya mikono yako kwa kuogopa watakuibia. Asiyejua thamani ya kitu hakiibi. Anakipangusa vizuri na kukitumia kwa jambo jingine, na atafanya hivyo kwa upendo.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuchagua na ulimi wa kueleza. Akupe watu wanaokulinda usipokuwepo. Penye mlango wako uliofungwa, akufungulie.

Na mimi nina shida yangu kwako. Kaseti ya koko ninayo bado. Sijawahi kurekodi juu yake, na meno niliyavunja jioni ile ile kwa kisu cha shangazi. Utepe umeanza kulegea, na sauti yake imekuwa nzito kama mtu anayesema ndani ya maji. Nasikia siku hizi kuna njia ya kuihamishia kwenye kompyuta isizeeke tena, lakini kila fundi niliyemuuliza anataja mashine yake na kutukana ya mwenzake, na mimi naogopa kuiweka kaseti mahali pabaya mara ya pili. Wewe unayejua mambo haya, nishauri: nimpe nani?