Karatasi Chini ya Picha

Wiki ile sebule ya madam ilijaa watoto hata pa kuweka trei ya chai hapakuwa. Watoto wa picha, lakini. Madam na wenzake, akina mama wa Kihindi walioneemeka Dubai, walikuwa na chama cha kusaidia watoto maskini huko kwao India: huyu alipiwe shule, yule apelekwe hospitali. Ijumaa mchana wangewaalika wenye uwezo kwenye ukumbi wa hoteli, wanywe chai, watazame picha, na aliyeguswa amchague mtoto wa kumdhamini. Picha isiyo na maelezo, madam alinionya, haiendi ukumbini.

Kazi ya kubandika nilipewa mimi, mtumishi wa ndani, kwa kuwa nina mkono mtulivu. Mkono tu, ulimi wangu haujapata kutulia. Kila picha ilikuwa na karatasi yake, na Kiingereza changu cha kidato cha pili kilinitosha kuisoma. Nilisoma huku nalia, nikijifuta kwa mtandio, gundi ikinikaukia vidoleni.

Ndipo nikamfikia binti mmoja wa misuko miwili, mwenye kovu juu ya jicho la kushoto. Nilimjua. Dereva wetu, Mhindi mpole wa Kerala ambaye nilikuwa nikila naye jikoni mwaka wa nne huo, alimweka binti yake huyo kwenye pochi, katika picha ndogo, na kila tukimaliza kula alimtoa akamtazama. Kovu lilitokana na chai iliyommwagikia, aliniambia. Moyo wake una tundu, aliniambia pia, nami nikawa namwombea.

Karatasi ilisema mtoto huyu anahitaji kupasuliwa moyo kabla ya mwaka kwisha. Kisha ikasema baba yake alifariki.

Nilipigwa na butwaa. Baba gani aliyefariki? Baba alikuwa pale chini anaosha gari, namsikia akikohoa. Kwetu Tanga kumtamkia mtu aliye hai kwamba amekufa ni uchuro, ni kumwitia mauti. Bibi yangu alikuwa akitufukuza jikoni kwa neno dogo kuliko hilo. Na hapa wamemwandika kabisa. Sikufikiri. Niliibandua ile karatasi kabla gundi haijashika, nikaitia kifuani, nikashuka ngazi nimepandwa na hasira. Nilitaka nimwambie kwanza yeye, kisha nimkabili madam.

Alikausha mikono akaisoma polepole. Nilimkazia macho nione atakavyoshtuka. Hakushtuka. Aliyeshtuka mara ya pili ni mimi.

"Sister," akasema, kwa kile Kihindi chetu cha jikoni kilichochanganyika na Kiarabu, "mimi ndiye niliyemwambia mama yake aandike hivyo."

Alinieleza huku akiangalia dirisha la juu, asije akatokea madam. Kule mjini kwao chama hakikupokea mtoto ambaye baba yake yuko huku Ghuba. Aliye Ghuba alihesabiwa kuwa tajiri, khalas, basi. Walimkataa mara mbili. Mara ya tatu mkewe alivua bangili zake kama wafanyavyo wajane wa kwao, akaenda mikono mitupu, akajaza fomu kama mjane. Hawakujua kwamba picha ingesafiri mpaka ifike kwenye nyumba ambayo mume ndiye dereva wake.

Nilitaka kumtukana. Kweli. Nilitaka kumuuliza ni mwanamume gani anayejizika mwenyewe. Kisha nikawakumbuka watu wangu wa Tanga, wanaoamini kwamba huku nachota dhahabu kwa pakacha.

"Irudishe," akasema. "Bila hiyo watamwacha."

Nikapanda tena ngazi, nikaibandika. Licha ya mkono wangu mtulivu, karatasi ilikaa upande, nami sikuinyoosha.

Ijumaa nilikuwa nagawa sambusa ukumbini, jicho langu halibanduki kwenye picha ile. Watu walipita, wakatazama, wakaenda zao. Mwishoni mama mmoja wa sari ya kijani alisimama, akasoma mpaka chini, akatoa leso, akamwita madam. Alimchagua. Nilikimbilia msalani, nikafungulia bomba ili nisisikike, nikalia.

Tulirudi jua lingali kali, madam nyuma, mimi mbele kando ya dereva. Madam hakuweza kunyamaza kwa furaha. Alitueleza kwamba binti mwenye kovu amepata mdhamini na atapasuliwa mwezi ujao. Dereva alishika usukani kwa mikono miwili, akatazama barabara.

"Maskini, laiti baba yake angekuwepo akaona," madam akasema, akanigusa bega. "Wewe unaswali. Mwombee marehemu, kwa lugha yenu."

Madam hakujua Kiswahili hata kidogo. Dereva alijua "karibu" na "asante" tu. Nilikuwa nimekwisha kumbandikia kifo kwa gundi kwa sababu ya mtoto. Kukitamka kwa kinywa changu, naye ameketi pale, sikuweza. Nikainua viganja.

"Ewe Mola, mpe umri mrefu," nikasema, "amwone binti yake anaolewa."

"Amin," akasema madam.

Dereva naye, akidhani nimemzika, akaitikia amin, akawasha taa ya kukata kushoto.