Hadithi za Mchana

Shule yetu ilikuwa ya makontena. Kampuni fulani ya kutafuta madini iliyaacha porini nje ya mji wa Geita, mwenye shule akayanunua, akayatoboa madirisha na kupanga humo vitanda vya dabodeka. Jua likiwaka tuliokwa, mvua ikinyesha hatukusikilizana. Alasiri baruti za mgodini zilipolipuliwa vikombe vilitetemeka mezani, na hakuna aliyeshtuka isipokuwa mimi.

Mimi nilitoka Shinyanga ndani kabisa, kwenye ng'ombe. Duara la baba, shimo lake kule machimboni, lilitema dhahabu mara moja tu, na kabla pesa hazijaisha akanipeleka bodingi. Wenzangu walikuwa watoto wa wanunuzi wa dhahabu na wenye maduara, wamejuana tangu chekechea. Mimi nilimpigia goti kila mkubwa niliyemsalimia, hadi mpishi. Walicheka mpaka wakachoka, kisha wakanisahau. Kusahauliwa kuliniuma zaidi ya kuchekwa.

Nilichokuwa nacho ni hadithi tu. Nilitunga za watoto wageni katika shule ya makontena, waliogundua shimo chini ya kitanda wakapita chini kwa chini, wakimkwepa fisi aliyelinda njia, hadi wakatokea zizini kwa bibi yao. Shida ni kwamba kwetu hadithi husimuliwa jua likishazama. Bibi alinikanya: ukisimulia mchana, mama yako atapotelea njiani. Na pale shuleni, taa zikizimwa matroni hakutaka kusikia hata chafya. Muda wetu wa kupiga soga ulikuwa Jumamosi, kwenye karo la kufulia, jua la utosi.

Nilivumilia wiki kadhaa nikifua peke yangu kwenye kona. Halafu nikashindwa. Nilianza kusimulia kwa sauti ya chini, kama ninayejisemea, wasichana wakasogeza ndoo zao mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza nikawa na watu. Kila Jumamosi niliendelea, huku nikimhofia mama.

Jumapili ya wazazi magari yalijaa uwanjani. Mama hakuja. Nilikaa kwenye ngazi ya kontena mpaka gari la mwisho likaondoka, nikajua nimempoteza mama kwa mdomo wangu mwenyewe. Jumamosi iliyofuata wenzangu waliponidai hadithi, nikanyamaza. Wakabembeleza kidogo, wakanuna, wakahamisha ndoo zao.

Alibaki mmoja, binti wa mwenye duara, ambaye siku ile ya wazazi alitembelewa na dereva wa baba yake tu. Akaniuliza kulikoni. Nikamweleza yote, katazo la bibi na hofu yangu. Hakucheka. Alikamua soksi zake, akasema, "Mama yangu alishakufa. Na mimi sijawahi kusimulia hadithi hata moja."

Nilimsaidia kuanika.

Kesho yake mlinzi akaniita getini. Mama alikuwa nje ya uzio wa wavu, ameshuka kwenye bodaboda, vumbi hadi kwenye kope, amekumbatia mfuko wa michembe, vile viazi vyetu vya kukaushwa. Baba alimwambia aje Jumapili ya baada ya mnada wa ng'ombe, kwa sababu kwetu mwezi huhesabiwa kwa minada, na safari hii mnada ulisogezwa mbele. Mlinzi aligoma kumfungulia. Tukashikana vidole kupitia wavu, nikalia kwa furaha. Nilipogeuka kujifuta, nikamwona yule msichana amesimama nyuma yangu.

Mama alimwita, akampitishia michembe kwenye tundu la wavu.

"Na wewe, ng'wanone, mwanangu, mama yako anakuja lini?"

Nilifungua mdomo. Akaniwahi.

"Jumapili ijayo."

"Msalimie sana."

Alipiga goti mavumbini, kama alivyoniona nikifanya.

"Salamu zitafika, mama."