Mlandege wa Nyumba Mbili

Kila mwaka hufika siku ya kuwauliza wanafunzi wangu ni kiumbe gani kikubwa kuliko vyote duniani. Nimeliuliza swali hilo kwa miaka ishirini na ushei, katika darasa lenye joto huko Tononoka, na majibu ni yale yale. Mmoja atasema ndovu. Wa pili atamcheka na kusema nyangumi. Nitawaambia hapana, na kwa dakika mbili tatu watanisikiliza kabla ya kurudi kuchungulia dirishani.

Nawaambia kuna msitu Marekani ambao si msitu, ni mti mmoja. Mashina yake ni maelfu, ukipita katikati yake utadhani umezungukwa na miti chungu nzima, lakini chini ya ardhi mzizi ni mmoja. Moto ukipita, mashina yanaungua na mzizi unatoa mengine. Shina lililosimama penye mawe makavu hupata maji kupitia wenzake walio bondeni. Nawaambia kuna kuvu, huko huko, lililotambaa chini ya msitu mzima likila mizizi, na watu huona uyoga wake tu baada ya mvua. Na kuna nyasi za bahari kule Australia, mmea mmoja tu, ambao mtu na mashua yake angeshinda kutwa juu yake asiumalize. Vinaishi kwa sababu kinachoonekana sicho chenyewe. Ukikata, umekata nywele.

Somo likiisha nafuta ubao, navaa buibui langu, narudi Mji wa Kale kwa miguu. Nikifika nyumbani, kabla hata ya kunywa maji, nachukua kisu na kukata majani yaliyochipua ukutani chumbani kwa mama. Nimefanya hivyo miaka nenda miaka rudi na sikuona kichekesho kilichopo. Mwalimu mzima.

Mti wenyewe mama huuita mlandege, kwa kuwa ndege ndio wanaoupanda. Hula matunda yake kwingine, wakaja kutua kwenye nyumba zetu za mawe na chokaa, wakaacha mbegu katika ufa. Mtaa wetu umejaa milandege. Kila nyumba ina wake, na kila nyumba huona haya kuusemea, kama mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu. Ramadhani ikikaribia watu hukata, hupaka chokaa, hunyamaza.

Nyumba yetu ni nusu ya nyumba. Babu aliijenga moja, na alipofariki ikagawanywa kwa mabinti zake wawili: mamangu, ambaye ni mkubwa, na ndugu yake, ambaye mimi humwita mama mdogo. Kila upande ukapewa mlango wake wa barabarani. Lakini ghorofani, katika ukuta unaotenganisha nusu zile mbili, uliachwa mlango mdogo ili wanawake wapite bila kujifunika na bila kuonekana na mtu njiani. Utoto wangu wote nilipita pale. Sahani za pilau zilipita pale, na watoto wagonjwa, na maneno ambayo hayakufaa kusikiwa na wanaume.

Miaka kumi na miwili iliyopita, siku ya hitima ya bibi, mama mdogo alichelewa. Mama alimwambia mbele ya wanawake wote, "Wageni washaondoka, nawe ndiyo kwanza waja." Mama mdogo alivaa buibui lake, akashuka ngazi, akatoka kwa mlango wa barabarani, na sote tukaelewa, kwa sababu hakuna aliyewahi kutumia mlango wa barabarani kwenda upande wa pili. Mwezi haukuisha, mama akaleta mtu wa kuuziba ule mlango mdogo kwa mawe na saruji. Kisha akahamishia kitanda chake kando ya mlango uliozibwa. Nilimuuliza kwa nini. Alisema hapo pana upepo, na kwa kweli hapakuwa na upepo wowote.

Mwaka juzi ukuta ulianza kufura. Mchanga uliudondokea mto wa mama usiku, na asubuhi alikuwa akijipangusa uso. Nikamtafuta fundi, mzee mmoja anayejua kazi ya chokaa ya zamani, mtu mkali asiyependa chai wala mazungumzo. Aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena. Halafu akabandua kipande cha plasta pale mlango ulipokuwa.

Ndani mlikuwa na mizizi minene kama mkono wangu, imejipinda katika kila ufa.

"Nani alotia saruji hapa?" akauliza. "Nyumba ya chokaa haipatani na saruji. Imewacha ufa pande zote, mti nao ukaona mlango."

Mama alitazama kwingine.

Fundi alitueleza kwa ufupi. Majani niliyokuwa nikiyakata yalikuwa ncha tu. Ukuta mkavu vile wa ghorofani hauwezi kulisha mti wa ukubwa huo. Unanywa mahali, na mahali penyewe ni chini, upande wa pili. Shina liko huko, uani kwa mama mdogo. Likatwe huko kidogo kidogo, maji yazuiwe, na kila mzizi ukikauka shimo lake lijazwe chokaa. Ukikatwa kwa pupa, ukuta unashuka. Usipokatwa, unashuka vilevile, na chumba hiki kitakuwa cha kwanza.

Nilisimama pale na kisu changu mkononi, nikajiona mpumbavu. Mzizi mmoja, mashina mengi, aliye mkavu analishwa na aliye kwenye maji. Nilikuwa nimeyaandika ubaoni mara ngapi?

Mama alitaka kitu kimoja tu duniani, na alikuwa akikisema wazi tangu magoti yalipoanza kumsumbua: afie katika chumba kile. Alizaliwa mle, akaolewa mle, akanizaa mle. Fundi alipoondoka nilimwambia kuwa lazima tumwombe ndugu yake.

"Mimi ndiye mkubwa," akasema.

"Najua, mama."

"Mdogo ndiye ajaye kwa mkubwa. Kila Idi nnakaa hapa. Ndia aijua."

Hilo lilikuwa kweli, njia aliijua. Desturi yetu ni mdogo kumwendea mkubwa siku ya Idi, ampe mkono na kuubusu. Kila Idi tangu hitima ile mama alivaa, akajifukiza udi, akakaa kitini akiutazama mlango mpaka adhuhuri. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwondolea sahani ya halua iliyoandaliwa kwa mtu mmoja ambaye hakuja. Nilikuwa nimechoka na Idi.

Basi nikaenda peke yangu. Kutoka mlango wetu hadi mlango wa mama mdogo ni hatua sita. Mimi nilizoea kumwamkia njiani tu, haraka haraka, kama mtu anayeiba. Nikapiga hodi, nikambusu mkono, akaniketisha uani.

Sikuwa nimeingia uani pale tangu hitima. Mlandege ulikuwa umesimama kwenye ukuta kuanzia chini, shina pana, limetandaza kivuli mpaka kwenye mlango wa jiko. Chini yake palikuwa na mkeka, mto, na redio ndogo. Udongo ulikuwa umelowa. Ndoo ilikuwa kando.

"Mama mdogo, waumwagia maji?"

"Kila asubuhi."

"Lakini unabomoa nyumba."

"Naona. Sina upofu wa mato." Akalipapasa shina kwa kiganja kama mtu apapasaye mgongo wa ng'ombe. "Umetoka kwenu huu. Ulipenya ule mlango mlouziba, ukashuka kwangu taratibu mpaka ukafika tini. Nyinyi hamji. Huu waja."

Nikamweleza habari za fundi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema atakubali ukatwe, ila kwa sharti moja: dadake amtumie neno. Si lazima aje. Neno tu, kutoka kinywani mwake.

Nilijua mama hatatoa neno. Nilikuwa na madaftari ya wanafunzi arubaini nyumbani yakisubiri kusahihishwa, na mchanga kwenye mto wa mama. Nikadanganya.

"Ndiye alonituma," nikasema. "Akusalimu sana. Akuomba umkatie."

Mama mdogo alinitazama kwa muda. "Kasema aniomba?"

"Ndiyo."

Alijifuta macho kwa pembe ya leso, akasema fundi aje kesho. Nikarudi nyumbani, hatua sita, na huku nako nikakata kona. Ningemwambia mama kwamba nimeomba kwa jina lake, angenilaza njaa na utu uzima wangu huu. Nikamwambia tu kwamba mama mdogo amekubali.

"Hivi hivi?" mama akauliza. "Hakusema kitu?"

"Hakusema kitu."

Akageuza uso ukutani.

Fundi alikuja na watu wake, wakaanza kukata. Wiki baada ya wiki shoka lilisikika upande wa pili, na kila likisikika mama aliacha alichokuwa akifanya. Mizizi ikaanza kukauka, fundi akayajaza mashimo yake chokaa, ukuta ukatulia. Mchanga ukakoma. Nililala usingizi wa mtu aliyetua mzigo. Mama hakulala. Alianza kupunguza chakula, na nikimuuliza anaumwa wapi, alisema haumwi.

Kisha, siku moja nikitandika kitanda chake, nikaona jani. Bichi, laini, limechomoza katika chokaa mpya ya fundi. Nikakata. Baada ya siku chache yakaja mawili. Nikaenda moja kwa moja kwa mama mdogo, hata salamu ilinitoka kavu, nikamuuliza kama amerudia kuumwagia mti maji.

Akanionyesha kwa mkono. Uani palikuwa peupe kwa jua. Kisiki kilikuwa kikavu, udongo umepasuka, ndoo imefunikwa. Mkeka haupo. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko, mahali pekee palipobaki na kivuli. "Mamako kaniomba," akasema. "Ntamwagiaje?"

Nilipanda ngazi zetu polepole. Mama alikuwa amesimama, jambo ambalo lilimgharimu, mkono mmoja kwenye ukuta. Mkono wa pili ulishika bilauri, na alikuwa akimimina maji kwenye ufa, kidogo kidogo, kwa uangalifu, kama anayemnywesha mgonjwa.

Nilipandwa na hasira ambayo sikujua ninayo. Nikamwambia ukuta utamwangukia usiku, kwamba nimehangaika na fundi miezi, kwamba mimi si chuma.

Alingoja nimalize.

"Kila asubuhi baada ya sala," akasema, "nlikuwa namsikia akimwaga ndoo. Hapa hapa, nyuma ya ukuta. Ndoo yalia, yeye akohoa, redio yafunguliwa. Nkajua yu hai, kaamka salama. Miaka yote hii. Nnajua kuwa mai yale ndiyo yabomoayo chumba changu, mimi si mjinga. Nkasema na kibomoke." Akaketi kitandani. "Kisha ukaja kunambia kakubali. Hivi hivi, bila hata neno. Kumbe hakuwa na haja na mimi."

Nikakaa sakafuni, nikamwambia yote: lile sharti, ule uongo, neno lililoombwa, macho yaliyofutwa kwa leso. Nilisema kwa sauti ya mtu anayesoma ripoti, kwa kuwa sauti nyingine sikuwa nayo.

Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliizungusha ile bilauri mikononi mpaka muadhini akaadhini na kumaliza.

"Kamwambie amwage mai," akasema.

"Mama, chumba kitakwenda."

"Nimesikia. Kamwambie mimi ndiye nlosema."

Nilimwomba ashuke mwenyewe. Nikamwambia nitamshika mkono, ni hatua sita. Akatikisa kichwa, mkubwa haendi. Hapo nilichoka hata kuchoka kwenyewe. Nikavaa buibui, nikatoka, nikapiga hodi.

Mama mdogo aliniuliza mara mbili kama neno limetoka kinywani mwa dadake. Mara zote mbili niliweza kusema ndiyo. Akainuka, akaifunua ndoo, akaenda kuijaza.

Siku ya pili fundi alikuja, akautazama ukuta, akanitazama mimi, akakusanya vyombo vyake na kuondoka. Kitanda cha mama tulikishusha chumba cha chini, mimi na jirani mmoja. Mama alikalia kiti akituelekeza. Nilidhani atalia akikiaga chumba chake, lakini alikuwa na shughuli. Alitaka kitanda kisogezwe zaidi, zaidi kidogo, mpaka ubavu wake ukagusa ukuta unaopakana na ua wa mama mdogo.