Korongo Katika Nyasi Zangu

Niliolewa ukingoni mwa Bonde la Lambwe miaka michache baada ya Uhuru, wakati kila mtu alikuwa akifyeka. Mbung'o walikuwa wameua ng'ombe wetu na kutuletea malale, kwa hiyo kichaka chochote kilikuwa adui. Nami nilifyeka. Lakini chini ya shamba, kando ya kijito, niliacha nyasi ndefu kwa sababu korongo walikuja kuzalia pale. Kwa Kijaluo tunamwita omoro: swala mkubwa kama ng'ombe, masikio marefu, uso mweusi wenye mabaka meupe.

Mume wangu alifanya kazi Kisumu. Nyumbani nilibaki na baba mkwe, ambaye macho yalikuwa yameanza kumsaliti.

Asubuhi moja ya kiangazi wanaume wa kijiji walikuja na mbwa na mikuki. Walikuwa wamemkimbiza korongo jike kutoka bondeni, naye akaingia nyasini mwangu. Aliyewaongoza ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu.

"Shemeji, sogea," alisema. "Tunachoma."

"Hamchomi. Ana mtoto mle ndani."

"Wewe unatufugia mbung'o!"

"Mbung'o wako kwenye vichaka vya kule juu, mlivyoviacha kwa kuogopa miiba. Hapa mmefuata nyama. Semeni tu nyama."

Wakacheka. Mmoja akatoa kiberiti. Basi nikaingia kwenye nyasi, nikaketi chini.

"Washa," nikamwambia shemeji. "Halafu uende Kisumu ukamweleze kaka yako."

Nikakumbatia magoti yangu. Nyuma yangu kitu kizito kilisogea, kikatulia.

Kelele zilimleta baba mkwe, akipapasa njia kwa fimbo. Nilidhani amekuja kunifukuza. Akauliza niko wapi, akaja, akaketi kando yangu.

"Baba, toka huko!" shemeji alimsihi.

"Nimechoka kusimama," mzee akajibu.

Hakuna aliyethubutu kuwasha. Waliondoka wakinitukana, na mbwa wao wakavutwa kwa kamba.

Chifu aliniita barazani niwaombe msamaha wanaume niliowaaibisha. Nikasimama mbele ya watu wote. "Poleni kwa njaa," nikasema. "Kwa zile nyasi, sina la kuomba."

Msimu ule wanawake wenzangu hawakunisalimu kisimani. Shemeji alitega nyaya kando ya kijito. Nikazing'oa, nikazitumia kufungia mlango wa ghala la mtama. Alikuja kula kwetu, akaziona pale mlangoni, akanawa mikono, akala.

Baadaye serikali ilitenga bonde kwa ajili ya wanyama, tukakatazwa hata kulisha mifugo humo. Watu walisema mimi ndiye niliyeiita. Si kweli. Sikujua mlango wa kubisha. Ningeujua, ningeiita mapema zaidi, wakati korongo walikuwa bado wanatembea kwa makundi.