Kiti cha Kando ya Mlango

Mshonaji yule hakuambilika. Tangu daktari amweleze kwamba moyo wake umechoka na unaweza kusimama siku yoyote, alikuwa na neno moja tu mdomoni: nyumba. Mwanawe, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa na usonji, na hakuwahi kulala mbali na mama. Nani angekaa naye mama akifumba macho? Ndugu wote walimpenda, ila walimpenda kwa mbali.

Basi akaungana na wazazi wengine wenye watoto wazima kama wake, wakawapangia watoto hao nyumba moja na kumweka msimamizi wa kuishi nao humo. Kazi ya kuiandaa alijitwika mwenyewe, na mafundi walimkoma. Taa ndefu za dari aliziondoa zote kwa sababu zinavuma. Wengine hatusikii, mwanawe anasikia. Pampu ya maji ikahamishiwa nyuma ya ukuta wa uani. Kabati za jikoni ziling'olewa milango ili kila mtu aone kikombe chake kilipo bila kuuliza. Miguu ya viti akaivisha soksi za kitambaa alizoshona mwenyewe, isikwaruze sakafu. Fundi rangi alipoleta rangi ya kung'aa alirudishwa dukani kama mtoto aliyetumwa chumvi akaleta sukari.

Lakini chumba cha mwanawe ndicho alichokitia mapenzi. Alikifanya sawasawa na kile cha nyumbani: rangi ileile, kitanda kikielekea dirishani, pazia lilelile zito. Na kando ya mlango akaweka kiti chake cha kamba, alichokalia kila jioni akipinda nguo za wateja huku kijana anakula. Mdogo wake alipokuja kuona, alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Dada, umehamisha nyumba, umesahau kumhamisha mwenye nyumba."

Akaambiwa ashike adabu yake.

Jioni ya siku kijana alipohamia, msimamizi alipiga simu. Chakula kilikuwa kimepoa. Kijana amekaa kitandani, sahani mapajani, anakitazama kiti. Hakulia wala hakugoma; alikuwa anasubiri. Mama akaja, akakaa, mtoto akala. Kesho yake vivyo hivyo. Ikawa mshonaji anapanda kilima cha kwenda kwenye nyumba ile kila jioni, pumzi juu juu, anafika, anakaa, kijiko kinainuka. Na tuseme kweli, alifurahi. Njiani alimlalamikia kila aliyemsalimu kwamba mtoto hali bila yeye, na alilalamika kwa sauti ya mtu anayejisifu.

Kisha moyo ukamwangusha, akalazwa. Alipotoka hospitali mdogo wake hakumficha: siku zote zile kijana aligusa chai na mkate kidogo asubuhi, basi. Sahani ya jioni ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Mashavu yalikuwa yamebonyea.

Mshonaji alilia mpaka sauti ikakauka. Kila kitu mle chumbani kilimwambia mwanawe kwamba mama yuko njiani, na aliyekipanga hivyo ni yeye. Alikuwa amewauliza mafundi, amewauliza wazazi wenzake. Hakuwahi kumuuliza mwenye chumba lolote.

Akapiga moyo konde, akaenda, mdogo wake amemshika mkono.

"Mwanangu, hiki kiti nakirudisha nyumbani. Unataka tuweke nini hapa?"

Kijana akatazama kiti, akatazama mlango.

"Mama atakaa wapi?"

"Mama atakaa kwake. Siku nyingine atakuja, siku nyingine hatakuja." Akakigusa kiti. "Na ipo siku hataweza kuja tena. Wewe utakula."

Mdogo mtu akabeba kiti wakatoka, lakini mshonaji alishindwa kwenda mbali, akabaki barazani akichungulia kwenye mlango ulioachwa wazi kidogo. Msimamizi akaleta chakula. Kijana alikaa na sahani yake mapajani, akipatazama pale pasipo kitu. Kisha akainuka, akaenda kuketi sakafuni palepale kilipokuwa kiti, mgongo ukutani, akaanza kula.

Alikula akamaliza. Mlangoni hakutazama hata mara moja.

Mdogo wake akamnong'oneza amshukuru Mungu. Mshonaji alishukuru, na ilimuuma kama mtu aliyeona nyumba yake inavyokaa baada ya mazishi yake. Kisha akaomba kile kiti kituliwe hapohapo barazani akikalie kidogo.