Sifa za Gaju Kabla ya Kufungiwa

Lori lilimshusha Paulin Sikuli katika Goma, mji asioujua, na miguu yake haikuiamini ardhi: nyeusi, kavu, yenye makali kama makaa yaliyopasuka. Tangu Butembo alikuwa akilala misheni na kwenye maghala ya kahawa, akisema Kinande hapa, Kifaransa pale, Kinyarwanda cha kuombea maji kwingine. Kila alipofika, moyo ulikuwa umekwisha kutangulia. Chuo kikuu kipya kilikuwa kimemtuma na mashine ya kunasa sauti, ya kuzungushwa kwa mkono, akusanye sauti za wazee kwa ajili ya maktaba yake. Lori la Masisi lingeondoka alasiri ileile, naye alitaka kuwa ndani yake.

Alimkuta mzee Nsanzimana mtaa wa Keshero, kwa mpwa wake Dancille, mzigo umeshafungwa. Mzee huyu alikuwa amefuga ng'ombe Masisi tangu ujana, mpaka malisho yake yalipogeuzwa shamba la pareto. Siku hiyo angepanda meli kwenda kwa mwanawe Bukavu. Katika kundi lote alibaki ng'ombe mmoja, Gaju, aliyempa Dancille alipoolewa. Sifa za ukoo wa Gaju, tenzi zilizotungwa na babu wa mzee na kuongezwa na baba yake, alizijua mzee peke yake.

"Zikikufa na mimi," alimwambia Paulin, "Gaju atabaki nyama tu."

Paulin aliweka mashine mezani, ndani ya nyumba. "Sema, Muzee."

Mzee akatazama mlangoni. Dancille akacheka. "Bwana wa vitabu, unataka asifu nani humu? Meza?"

Sifa za ng'ombe huambiwa ng'ombe. Wakatoka nje, uani alikokuwa Gaju. Nsanzimana akasimama mbele yake, akainua fimbo, na mgongo wake uliopinda ukanyooka. Akamwita mwenye pembe zilizopasua ukungu, binti wa asiyeomba njia penye miiba. Maneno yalitoka mbio, bila kuvuta pumzi, na Gaju akatulia kabisa.

Katikati mashine ilichoka. Paulin, akiizungusha, alitaka kumfurahisha mzee.

"Vitabu vya kawaida mutu anaazima, anaenda navyo nyumbani. Sauti yako, Muzee, ni ya peke yake. Itawekwa katika chumba cha ufunguo, pamoja na vitu vya thamani. Haitatoka hata siku moja."

Fimbo ikashuka.

"Ng'ombe wa kufungiwa ndani ni mugonjwa," alisema mzee.

"Ni heshima, Muzee."

"Heshima ya maiti. Mutoto wa Dancille akitaka kusikia?"

Paulin aliutazama utepe wa sauti ndani ya mashine. Utepe ulikuwa mmoja, na sheria ya chuo haikuwa yake. Kutoka bandarini meli ikalia. Dancille akajifunga kitenge upya.

"Unauliza mutoto wangu? Na mimi je? Miaka yote hukunifundisha. Unanipa ng'ombe, unabaki na jina lake!"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeguswa kidonda. Kisha akamgeukia Paulin.

"Kwetu, ukipewa ng'ombe, unarudisha ndama. Nakupa mama, mufungie huko kwenu. Lakini ndama atabaki hapa. Hautaondoka mpaka huyu Dancille ashike sifa zote kwa kichwa."

"Lori yangu ni ya leo, Muzee."

"Basi panda, na sifa nusu katika mashine yako."

Paulin aliitazama barabara. Miguu ilikuwa inamwasha. Hakukumbuka mara ya mwisho alipokaa mahali mpaka kitu kikaisha.

"Nitakaa," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza.

Nsanzimana akainua fimbo tena, akazimaliza sifa. Kisha alimgusa Gaju kwenye paji la uso, akajitwika mzigo begani, akashika njia ya bandarini. Hakugeuka.

Vumbi la lori la Masisi lilipita nyuma ya ua. Paulin aliuma mdomo, akaanza kuzungusha mashine. Sauti ya mzee ilipotoka kwenye sanduku, Gaju aliacha kucheua, akageuza kichwa huku na huku akimtafuta mwenye sauti.

Dancille akaokota fimbo ya kuni, akasimama mbele ya Gaju, akasema mstari wa kwanza. Akakosea wa pili, akajicheka.

"Rudisha, Bwana wa vitabu."

Paulin akarudisha utepe mwanzo.